Jumamosi za Kwenda Shawa

Sisi tuliokulia Kibera kabla simu hazijajua kupiga picha tulikuwa na likizo za aina yetu. Mtoto wa siku hizi akifunga shule anauliza paswedi ya waifai. Sisi tulikuwa tunauliza kama mvua imenyesha Ngong, na imenyesha kiasi gani, maana hapo ndipo tungejua kama Shawa itakuwa nene au nyembamba.

Shawa ndivyo tulivyopaita mahali pale. Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Palikuwa upande wa nyuma wa vilima vya Ngong, pale kijito kinapofika ukingoni mwa jiwe jeusi na kujitupa chini, ndani ya kidimbwi ambacho mtoto angesimama na maji yakamfika kifuani. Katika ploti yetu bafu lilikuwa mabati manne na jiwe la kusimamia, na maji ulikwenda nayo mwenyewe kwenye beseni. Kwa hiyo siku ya kwanza Nekesa alipoona maji yakianguka yenyewe, bila mtungi, bila foleni, bila mtu wa kugonga mabati akikuambia umalize haraka, alipiga kelele: "Shawa!" Jina likabaki hilo.

Nekesa alikuwa rafiki yangu kwa sababu baba zetu walikuwa marafiki. Walikutana kwenye mjengo. Babake alikuwa fundi wa mawe, babangu fundi wa mbao, na inasemekana waligombana siku nzima juu ya fremu ya mlango kabla ya kula chakula cha mchana kwenye sahani moja. Wao walikuwa Wabukusu kutoka Bungoma na walikaa Kawangware, sehemu ya Kongo. Sisi ni Wakamba wa Machakos, na tulikaa Kibera, karibu na Soko la Toi ambako Baba alikuwa na kibanda cha kuunda vitanda na Mama aliuza nguo za watoto za mitumba. Mimi ni Ndinda. Mdogo wangu ni Wambua, ambaye siku hizo alikuwa bado anabebwa akichoka.

Mpango ulikuwa rahisi na haukuandikwa popote. Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, iwe mvua iwe jua, familia hizi mbili zinakwenda Shawa. Tunakutana stendi ya Ngong asubuhi, na atakayechelewa atawakuta wenzake huko huko majini.

Likizo ya Aprili ilikuwa ya matope. Ulikuwa unapanda mlima hatua mbili, unarudi moja, na akala za Baba, vile viatu vya matairi, zilikuwa zinabaki kwenye udongo huku mguu umekwenda. Maji ulianza kuyasikia kabla hujafika, yakinguruma kama lori linalopanda mlima, na yakiwa mekundu kama chai ya mkandaa. Agosti ilikuwa baridi ya kupasua midomo. Ukungu ulishika vilima vyote, tukashikana nguo tusipoteane, na tulipofika tulikuta Shawa imekonda, uzi mmoja tu wa maji ukipeperushwa na upepo. Hapo Baba Nekesa aliwasha moto, tukachoma mahindi, na mtu wa kuoga hakuwepo isipokuwa Wambua, ambaye hakuwa na akili. Likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo ilikuwa tamu. Nyasi zimefika magotini, maua meupe yamejaa njiani, maji yameng'aa hadi unaona vidole vyako vya miguu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, pale kwenye uwanda wa majani hadi mama zetu wakatuita mara ya tatu, ile ya hasira.

Hatukuwa na buti za mlima wala fimbo za kununuliwa. Mama alipanda vilima vile kwa viatu vya kanisani. Chakula kilikuwa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, isyo ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria, chai kwenye thamosi, na nduma ambazo Mama Nekesa alizichemsha na majivu kidogo, akikataa kusema kwa nini. Ukilalamika kwamba umechoka, Mama alikuwa na jibu moja: "Mguu ni wako, mwenyewe ndiye wa kuuambia." Baba yeye alikuwa anasema, "Usiangalie kilele. Angalia kisigino cha aliye mbele yako." Leo ukimwambia mtoto maneno hayo anakuuliza kama kuna mahali pa kuchaji.

Mwaka ule wa uchaguzi, shule zilipofungwa tulikwenda kama kawaida. Baba na Baba Nekesa walikuwa na wagombea tofauti, nao walibishana kutoka kilima cha kwanza hadi majini. Walikuwa wanasimama katikati ya mteremko kuonyeshana vidole, halafu mmoja anamshika mwenzake mkono asiteleze. Mama Nekesa alikuwa mjamzito, tumbo ndio limeanza kujitokeza. Alikaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, akatuambia tuwapuuze. "Wacha wapige kelele," alisema. "Wakishapiga kura watanyamaza."

Hawakunyamaza, wala nchi haikunyamaza. Matokeo yalitangazwa, na kabla ya giza kuingia tulianza kusikia mabati yakigongwa upande wa chini, kisha moshi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Yale ya siasa sikuyaelewa, lakini nilielewa uso wa Mama. Nilielewa pia pale watu waliokuwa wakituita kwa majina walipoanza kutuita "nyinyi." Sisi Wakamba tulikuwa tumekaa mahali ambapo ghafla hatukutakiwa. Na kule Kawangware, kwa habari tulizosikia redioni, watu wa mkoa wa Magharibi kama kina Nekesa nao walikuwa wanafukuzwa kwenye nyumba zao.

Baba alipiga simu yao. Ile sauti ya kike ikajibu kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Mama akamwambia, "Wacha, huyo mwanamke amenichosha." Kisha kredo ya simu ikaisha, na maduka yote ya kuuza kredo yalikuwa yamefungwa.

Siku moto ulipofika Toi, Baba alikimbia kuokoa misumeno yake. Hakurudi. Njia ilifungwa nyuma yake. Tulikaa ndani mchana kutwa, mlango umefungwa kwa kitanda, Mama akimnyonyesha Wambua ambaye alikuwa ameacha kunyonya zamani, ili tu anyamaze. Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa, na sauti ikasema, "Mama Ndinda, ni mimi. Fungua."

Ilikuwa Mama Otis, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mjaluo kutoka Siaya aliyekaanga samaki kando ya reli. Simu yake ilikuwa bado na uhai, na Baba alikuwa amempigia kwa simu ya mtu. Alikuwa hai. Alikuwa Ayany, mtaa wa jirani, nyumbani kwa mteja aliyemuundia kabati, na alisema watoto watolewe Kibera.

Mama alikaa chini sakafuni. "Tutapita wapi?" aliuliza. "Vijana wamejaa njiani."

"Mtapita na mimi," Mama Otis akasema. "Nipe huyo mtoto."

Alimfunga Wambua mgongoni kwa leso yake, akamfunika hadi kichwani. Shida ilikuwa moja. Wambua alipenda kuongea, na lugha yake ilikuwa Kikamba kitupu. Mama akamwambia, "Tunaenda Shawa. Ukinyamaza tutafika haraka." Yule mtoto alifurahi sana. Mama Otis akamkatia ngumu, ile mandazi kavu inayotaka meno ya fundi, akamtia mdomoni, akasema, "Hiyo itamkalisha hadi Kisumu."

Tukatoka. Mama Otis alitembea mbele akimwimbia Wambua kwa Kijaluo, akimgongagonga makalio, "Ling', nyathina, ling'," nyamaza mwanangu, kama amemzaa yeye. Mama alijifunika uso kwa leso. Mimi nilishika sketi ya Mama Otis, macho yangu kwenye kisigino chake kilichopasuka, na nikayaacha hapo.

Karibu na barabara ya Ayany vijana wa Kijaluo walikuwa wameweka mawe na magurudumu yanayofuka moshi. Mmoja wao, mwenye kofia ya manyoya katika joto lile, akatusimamisha.

"Mathe, wapi na hawa?"

"Mtoto ni mgonjwa. Nampeleka hosi. Ama utampima wewe?"

"Na huyu?" Alikuwa anamwangalia Mama. "Mwambie aongee tumsikie."

"Aongee nini?" Mama Otis alipandisha sauti. "Amefiwa! Kwenu mtu akifiwa mnamwambia apige stori?"

Kijana akanigeukia mimi. Nilikuwa nimecheza bladda, ile ya kuruka kamba ya mpira, na watoto wa Mama Otis tangu nijue kuruka, na kitu pekee kilichonijia ni salamu yao ya asubuhi. "Oyaore," nikasema.

Akaniangalia. Nadhani niliitamka vibaya, kwa sababu alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Mgongoni kwa Mama Otis, Wambua alikuwa anaguguna ngumu yake kama panya. Kijana alikuwa anajua. Hadi leo naamini alikuwa anajua. Akasukuma gurudumu moja kwa mguu, akasema, "Pitieni haraka."

Baba alikuwa amesimama nje ya geti. Alitushika kichwa mmoja mmoja kama mtu anayekagua matikiti. Mama Otis akafungua leso, akamteremsha Wambua. Yule mtoto akaangalia geti, akaangalia ua wa saruji, akatoa ngumu mdomoni.

"Shawa iko wapi?"

Mama Otis alicheka hadi akajishika kiuno, na Mama naye akacheka, na kicheko chake kikageuka kilio palepale, na Mama Otis akamshika akisema, "Lia sasa. Hapa unaweza kulia." Kisha akarudi Kibera peke yake, kwa njia ile ile.

Tulikwenda Machakos kwa susu, mamake Mama, tukakaa huko mpaka wakubwa wa siasa wakapeana mikono kwenye televisheni na nchi ikatulia. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa imefungwa kwa kufuli ambayo si yetu. Mama Otis ndiye aliyeifunga, na sufuria zote zilikuwa ndani. Baba alianza tena na nyundo ya kuazima. Toi ikaanza kujengwa upya, mti kwa mti. Lakini simu ya Baba Nekesa iliendelea kujibiwa na mwanamke yule yule. Siku moja Baba alitembea mpaka Kongo, kule Kawangware. Alikuta pazia jingine mlangoni, na mama mgeni aliyesema, "Hao walienda tu. Hakuna anayejua wapi." Baba aliporudi alikula, akalala na viatu.

Shule zikafungwa likizo ya Aprili. Ijumaa jioni Baba akasema, "Kesho tunaenda Shawa."

"Na nani?" Mama akauliza.

"Na sisi."

Mama alikanda unga. Alipika chapati za watu wengi kuliko sisi, na hakuna aliyemuuliza.

Stendi ya Ngong hapakuwa na mtu wa kungojwa. Tulingoja hata hivyo. Kisha tukapanda, katika manyunyu, udongo ukitushika miguu. Nilisikia ngurumo kabla hatujafika, nikawapita wote nikateremka mbele. Maji yalikuwa mekundu na mengi. Majani yalikuwa yamelala kwa mvua. Pale kwenye jiwe la kukaa hapakuwa na mtu.

Baba alizunguka kidimbwi kana kwamba wangeweza kuwa wamejificha nyuma yake. Mama aliweka kapu chini, akakaa, akalifunika zaidi. "Tungoje kidogo," akasema. Tukangoja. Mvua ikazidi, ikapungua. Wambua akaanza kulia njaa. Mwishowe Baba akasema kwa sauti ndogo, "Wape watoto wale." Mama akafungua kitambaa polepole, kama mtu anayefungua kitu ambacho hakitafungika tena.

Wambua alikuwa na chapati shavuni aliponyosha kidole. "Nani yule?"

Juu ya njia, mtu aliyevaa gunia la plastiki kichwani alikuwa anateremka kwa makalio, akisukumwa na matope, akishika vichaka na kuving'oa. Alifika chini, akasimama, akajipangusa mikono. Alikuwa amekonda na nywele zimekatwa zote.

"Sasa?" Nekesa akasema.

"Poa," nikasema.

"Mmemaliza chakula?"

"Bado."

"Afadhali."

Hayo ndiyo tuliyosema. Tulikuwa na umri ambao hatukujua maneno mengine. Lakini alinishika mkono wa sweta na hakuuachilia, akala kwa mkono mmoja.

Baba Nekesa akatokea nyuma yake, suruali imepasuka gotini. "Mulidhani tumekufa?" akauliza kwa mbali. Baba alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Njoo," akasema. "Chakula kinapoa." Halafu wakashikana wale wanaume wawili, matope kwa matope, na nikaona mabega ya babangu yakitetemeka. Hatukuwa tumezoea kuona baba zetu wakilia. Tuliangalia maji.

Wa mwisho alikuwa Mama Nekesa, akishuka hatua kwa hatua, mkono mmoja ukishika kitu ndani ya leso. Mama alipomwona alipanda ule mteremko wa utelezi mbio, kwa viatu vya kanisani, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kabla wala baada. Ndani ya leso kulikuwa na kichwa kidogo chenye nywele nyingi. Mama alikipokea kifurushi kile, akakinusa.

"Anaitwa nani?"

"Nafula. Alikuja na mvua ya kwanza, tukiwa kwenye hema."

Kwa Wabukusu, Nafula ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Kwa Wakamba, mvulana wa mvua ni Wambua. Mama alianza kucheka. "Wambua! Kuja uone! Umeletewa wajina wako!" Wambua akaja, akaangalia, akampa Nafula kipande cha chapati kilichotafunwa, na sote tukapiga kelele pamoja.

Walitusimulia wakila. Walipewa asubuhi moja watoke Kongo. Walilala kwenye uwanja wa chifu, wakapewa hema. Simu ilianguka wakikimbia. Sasa walikuwa wamepata chumba Kangemi. Baba Nekesa alikuwa ametutafuta Toi, akakuta majivu, na aliowauliza hawakumjua fundi wa vitanda. Mkewe alikuwa amemkataza kuja leo, na mtoto mchanga, na mvua. "Nikamwambia, wakiwa hai watakuja," alisema Baba Nekesa. "Na wasipokuja, basi nitajua cha kulia." Akaomba chapati nyingine. Ziliwatosha wote, na zikabaki.

Agosti ile tulikwenda na Mama Otis. Alilalamika kutoka stendi hadi majini. Alisema watu wa ziwa hawapandi milima kufuata maji, kwao maji yamelala chini yakikungoja kwa heshima. Alipoona ule uzi mwembamba wa Agosti ukipeperuka kwenye ukungu, aliuliza, "Ni hii? Ni hii ndiyo huyu mtoto alikuwa anaulizia nilipomteremsha mgongoni?" Halafu akavua viatu, akapandisha sketi, akaingia katika baridi ile akipiga mayowe ya Kijaluo, na Wambua akamfuata. Mama na Mama Nekesa walimwangalia wakiwa wamejifunga blanketi moja, Nafula amelala katikati yao. Nakumbuka nilikaa kando ya moto na Nekesa, mahindi yanaungua, na sikuwa na wasiwasi wowote duniani. Kwa mwaka mzima ule, hiyo ndiyo siku ya kwanza ninayoikumbuka hivyo.

Siku hizi vilima vya Ngong vimejaa. Vijana wanakuja kwa makundi na fulana zinazofanana, buti za bei ya kodi ya nyumba, na wanaita haiki. Wanapanda huku wameinamia simu, wanafika kileleni, wanaruka juu wakipigwa picha, wanateremka. Mtu akichelewa hawamngoji, wanamtumia lokesheni. Sisemi ni vibaya. Miguu yao haina makovu, na nashukuru kwamba wengi wao hawajui mwaka ule ulinukaje. Nekesa yuko Eldoret, anafundisha. Tunaongea kwa simu karibu kila siku, na tunaonana mara chache kuliko wakati hatukuwa na simu.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngong na mwanangu Kioko na Mama, ambaye magoti yake sasa yanafika kilima cha kwanza tu. Alikaa kwenye majani, upepo ukimvuta kitambaa cha kichwa, akawa anamsimulia Kioko habari za Shawa, za matope, za Mama Otis majini. Kioko alisikiliza vizuri, kisha akanyosha mkono.

"Susu, nionyeshe picha."

"Hakuna."

"Hata moja?"

Mama alimshangaa kwa kweli. "Picha ya nini," akauliza, "na watu wenyewe walikuwa pale?"

Kioko alinigeukia nimfafanulie. Mama akamvuta karibu, akamfunga zipu ya jaketi hadi kidevuni, akampa chapati, akamwambia apande na mamake, yeye atatungoja hapo.